Kofia Isiyo na Kazi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo tukiwa kwenye kipindi cha hesabu. Mwalimu alijaribu kuishinda kwa sauti, akachoka, akatuambia tusome kimya. Sikusoma. Nilikuwa naiwaza stoo ya Bibi.

Nimeamua kuandika shajara msimu huu wote wa mvua kwa sababu msimu huu nina kazi. Bibi, mama yake mama, hukusanya kofia za vita za Kijerumani. Alianza kabla mama hajaolewa. Wakati huo alikuwa fundi viatu, na ya kwanza aliletewa kibandani ashone mkanda wake wa kidevuni. Mwenyewe hakurudi kuichukua. Bibi anasema aliitazama, nayo ikamtazama, mwisho wakazoeana. Baada ya hapo akaanza kuzitafuta nyingine.

Kesho anakwenda kwa mama mdogo kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na atakaa huko mpaka macho yapone. Jioni ameniita akanipa ufunguo wa stoo. Hakumpa mama, wala mjomba. Amenipa mimi.

Jumanne, 4 Machi

Bibi ameondoka. Mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari, akaniambia: "Usizivae. Na usizipake chochote, hata zikikulilia."

Jumamosi, 8 Machi

Stoo iko nyuma ya jiko, na ukuta wake wa nyuma hulowa kila mwaka. Leo nimezitoa kofia zote kwenye rafu, moja moja, mikono miwili ukingoni kama nilivyofundishwa, nikazipanga mezani. Nataka kuziandika hapa vizuri.

Mbili ni za ngozi nyeusi, za zamani kuliko zote. Moja ina mwiba wa shaba utosini na tai wa shaba mbele. Kiongozi wa bendi ya shule fulani aliivaa kwenye kila gwaride mpaka akastaafu; ndiyo ile ya kwanza, iliyoletwa kushonwa mkanda. Ya pili mwiba wake ulipotea, mshonaji mmoja akaigeuza chini juu akaifanya bakuli la vifungo.

Zinazobaki ni za chuma. Moja ilikuwa chombo cha kunyweshea kuku, na matundu yake ya pembeni yamezibwa kwa lami. Moja imechomelewa mpini, ilipimia nafaka dukani. Moja imetobolewa utosini, ilikuwa kivuli cha taa kwa kinyozi. Bibi aliwaendea wenye hizo kofia mwaka baada ya mwaka, akawasalimia, akaondoka, akarudi, mpaka wakampa.

Ya sita ni Madoa. Hiyo haijawahi kufanya kazi yoyote. Ilikutwa darini ndani ya sanduku la nguo, imebaki na rangi yake ya vita: mabaka ya kijani, kahawia na manjano iliyofifia, na kati ya baka na baka mstari mweusi mnene kama kidole. Ukiishika unaona alama za brashi ya mtu aliyekuwa na haraka.

Sasa kazi yangu. Ngozi zinaoza kwa unyevu, na Bibi anasema hazitavumilia mvua nyingi zaidi. Jumba la makumbusho la mjini lina chumba kikavu chenye mashine ya kufyonza unyevu. Msichana anayekisimamia, tunamwita Dada wa Makumbusho, alimwambia Bibi kwenye simu kwamba chumba chake ni cha vita. Akipata walau kofia moja yenye rangi yake ya vita, atazichukua zote sita. Asipoipata, hana nafasi. Mvua zikipungua atakuja kuona. Kwa hiyo Madoa ndiyo tiketi ya wenzake, na mimi ndiye wa kuzifikisha zote salama mpaka siku hiyo.

Nitazifikisha.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Nimebadilisha magazeti ndani ya zile za ngozi. Magazeti hushika umbo na kunywa unyevu.

Jumamosi, 15 Machi

Ukungu mweupe umeota kwenye mshono wa nyuma wa ile yenye mwiba. Jua lilipochungulia nimeipeleka uani nikaisugua kwa brashi laini, polepole, nikielekea upande mmoja tu.

Mjomba akanikuta hapo. Ni mdogo wake mama, fundi wa kupuliza rangi za magari, na mtaa mzima unamwita Msasa. Hajui kuingia mahali kimya.

"Kamanda! Vita vimefika wapi?"

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Hiyo ingekuwa yangu, ningeipiga rangi ya kung'aa mpaka ujitazame humo usuke nywele."

"Bibi amesema tusizipake chochote."

"Bibi yako alikuwa anapaka viatu vya watu rangi tangu sijazaliwa, leo anaogopa kopo!" Akaondoka anacheka. Nampenda mjomba, lakini siwezi kumpa kitu cha kushika.

Jumatatu, 17 Machi

Jirani yangu wa dawati, Kidoti, ameniuliza mbele ya watu: "Hao Wajerumani si ndio waliokuja na bunduki wakawapiga babu zetu? Wewe unawapangusia kofia?" Wenzake wakacheka. Nilitaka kujibu, jibu likagoma kutoka. Kidoti si mbaya, na swali lake lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililoniudhi.

Jumamosi, 22 Machi

Mwalimu wa sanaa anataka mchoro wa kitu chenye mabaka. Wenzangu watachora paka. Mimi nimekaa na Madoa kutwa nzima, nimeichora pande zote, kila baka mahali pake na rangi yake. Manjano imenisumbua. Si manjano kamili, ni kama karatasi iliyosahaulika dirishani.

Jumanne, 25 Machi

Mitihani. Mvua.

Alhamisi, 27 Machi

Mitihani. Paa la stoo linavuja. Nimemwachia mama ufunguo ili mjomba aje alitengeneze nikiwa shule. Mama ni mshonaji, mashine yake haipoi wiki hii, na alinijibu pini zikiwa mdomoni.

Jumamosi, 29 Machi

Nitaandika yote kwa utaratibu, maana nikiruka nitalia tena.

Asubuhi nilifungua stoo. Paa limetengenezwa vizuri, hata tone. Kwenye rafu kofia zilikuwa tano. Nilikimbia kwa mama. Akasema, "Muulize mjomba wako, alitoka na kitu kwenye mfuko." Nikaenda gereji nikiwa na kandambili, maji yakinifika kwenye vifundo.

Mjomba alikuwa ananisubiri. Alikuwa amefurahi kama mtu anayetaka kuonyesha mtoto mchanga. Kwenye benchi palikuwa na kitu kimefunikwa taulo.

"Fumba macho, mpwa wangu."

"Mjomba, Madoa iko wapi?"

"We fumba macho kwanza."

Sikufumba. Akafunua mwenyewe. "Tarumbeta ziko wapi? Gari la kichwani hilo!"

Ilikuwa ya kijani. Kijani kimoja kitupu, kinachong'aa kama gari jipya. Niliona taa ya gereji ndani yake, na mimi mwenyewe, uso umevutika huku na huku.

"Nilipanda juu kuziba bati," akaendelea, "nikaona ukingoni mwa kofia hii pana kutu, imeanza kuvimba. Nikasema mama yangu hawezi kufanyiwa macho halafu arudi aone kutu. Nimeipiga msasa wa maji mpaka chuma kikatoka, nikaziba vishimo, nikapiga praima ya chini, nikapuliza rangi mara mbili na vanishi juu. Hata Mjerumani mwenyewe akifufuka ataiomba!"

Niliuliza kitu kimoja tu. "Rangi ya zamani iko wapi?"

Hakuelewa. Kisha akaonyesha sakafuni kwa kidole, bado anatabasamu. Karibu na mtaro palikuwa na tope la msasa limekauka nusu. Lilikuwa la kahawia, lenye kijani kidogo pembeni.

"Ile pale," akasema.

Nikachuchumaa. Sijui nilitaka kufanya nini, kulizoa labda. Ndipo alipouona uso wangu vizuri, na tabasamu likamtoka taratibu.

"Kwani… ilitakiwa ibaki vile?"

Nikamweleza. Chumba kikavu, Dada wa Makumbusho, zote sita kwa ajili ya moja. Nilidhani anajua. Kumbe siku zote tulipokuwa tukizungumza habari hizo mezani yeye alikuwa anatania. Aliketi kwenye tairi. Kijana wa mwenye gari moja akaja kuuliza gari lao litakuwa tayari saa ngapi, mjomba hakumsikia.

Nimerudi nyumbani peke yangu. Jambo moja linanichoma kuliko yote: aliifanya vizuri. Hakuna hata tone lililoteleza.

Jumapili, 30 Machi

Sikuandika jana kwamba nilimwita mjinga. Nilimwita nikiwa barabarani, hakusikia. Hata hivyo nilimwita.

Jumatano, 2 Aprili

Dada wa Makumbusho amepiga simu. Atakuja Jumamosi ya kwanza ya Mei. Akauliza, "Na ile ya mabaka, inaendeleaje?" Nikasema inaendelea. Huo ndio ukweli wa ovyo kuliko wote niliowahi kusema.

Jumamosi, 5 Aprili

Mjomba alikuja, akabisha hodi. Hajawahi kubisha hodi nyumba hii.

"Ule mchoro wako wa shule bado unao?"

"Ninao."

"Nipe. Nitairudisha ilivyokuwa."

"Mjomba, hairudi. Ilikwenda na maji."

"Gari likigongwa mlango, mimi hutengeneza mlango mpya ufanane na ule wa zamani uliokaa juani miaka kumi. Mwenye gari mwenyewe hajui ni upi. Nipe mchoro, mpwa wangu. Sitaki mama akose chumba chake kwa ajili ya mkono wangu."

Ile kofia yenye mwiba imeanza kufumuka mshono wa nyuma. Niliiona asubuhi. Nilikuwa naifikiria hiyo wakati mkono wangu unavuta droo.

Nimempa mchoro.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua kubwa. Baada ya shule nimepita gereji nikakaa kwenye tairi kumtazama. Ameikwangua vanishi yote, rangi ameififisha kwa unga wa chaki ising'ae. Mabaka anapaka kwa brashi, si kwa bomba. Nikamwambia mtu yule alikuwa na haraka. Akafikiri, kisha akahamishia brashi mkono wa kushoto. Ikawa ndiyo kabisa.

Tangu nimjue mjomba, ni mara ya kwanza kumwona saa nzima bila kusema neno. Ulimi unatokeza pembeni ya mdomo kama wa mtoto wa chekechea. Sikujua kwamba yupo mtu wa namna hiyo ndani yake.

Ijumaa, 11 Aprili

Amepata ile manjano. Mimi sikuipata.

Jumamosi, 12 Aprili

Imekwisha. Ameipigapiga kwa mnyororo, akapitisha chai ya rangi, akaweka kutu ya kweli ukingoni kwa maji ya chumvi, akapaka matope, akapangusa. Nimeiweka kwenye rafu, nikarudi mlangoni nikageuka kuitazama. Ilikuwa Madoa.

Sijafurahi. Nilidhani nitafurahi.

Jumamosi, 19 Aprili

Bibi amerudi! Amevaa miwani myeusi mikubwa, amependeza kama mwanamuziki. Kila kitu anakitazama. Amemwambia mama, "Kumbe umezeeka hivi?" Mama akasema, "Karibu nyumbani, Mama."

Kisha akataka kofia zake. Nilimletea moja moja. Aliona mshono uliofumuka, akaupapasa, akasema tungechelewa mwaka mmoja tu tungezika. Alipofika kwenye Madoa alivua miwani. Akaigeuza huku na huku, akaisogeza dirishani.

"Mjukuu wangu! Kumbe rangi zake ndizo hizi?"

Nikapangusa meza isiyo na vumbi.

"Miaka yote nilikuwa naiona kama ya nyuma ya pazia. Nilidhani imechakaa. Kumbe macho yangu ndiyo yaliyochakaa." Machozi yakamtoka, akacheka, akayafuta kwa ncha ya khanga ingawa daktari alimkataza. "Umeitunza. Mungu akubariki, umeitunza."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Tulitazamana, kisha yeye akatazama viatu vyake.

Jumatatu, 21 Aprili

Bibi amemwita jirani aje aone jinsi anavyoona. Amemwonyesha Madoa.

Jumatano, 23 Aprili

Na mwalimu wa kwaya. Na muuza maziwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekwenda gereji nikiwa nimejipanga. Nilikuwa nimeyasema maneno yangu njia nzima.

"Mjomba, nataka umwambie Bibi kabla Dada wa Makumbusho hajaja."

"Nimwambie nini?"

"Unajua."

Akaendelea kufunga gazeti kwenye kioo cha gari. "Wewe umesoma. Nijibu. Nikimwambia, nani anafaidika? Kofia zinabaki kwenye unyevu, zinaoza. Mama anarudi kulia. Nisiposema, kila mtu anacheka na ngozi zinapona. Sasa hapo dhambi ni ya nani?"

"Ulipoipaka kijani sikusema ni dhambi," nikamwambia. "Ulitaka kumfurahisha, ukaharibu. Mtu anaweza kuharibu. Lakini sasa Bibi anaamini macho yake kwa sababu ya brashi yako. Anawaita watu waje waone."

Gazeti likampasukia mkononi.

"Mchoro ulinipa wewe," akasema.

"Nilikupa. Na mimi nitasema hivyo."

"Kamanda, usinifanyie hivi mbele ya mgeni."

"Ndiyo maana nimekuja leo. Leo hakuna mgeni."

Akachukua gazeti jingine. Nilingoja. Mvua ikaja, ikapita. Nikamuaga kwa heshima nikaondoka. Sikumwogopa hata kidogo, na nilipokuwa narudi nilimhurumia, maana njia nzima niliona magari aliyoyapaka yeye, na yote yalikuwa mazuri.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua nyembamba. Hajaja.

Jumamosi, 3 Mei

Leo ndiyo siku yenyewe.

Nilizipanga kofia mezani sebuleni tangu asubuhi. Bibi alitaka Madoa iwe mbele. Nikamwomba aniachie nipange mimi, kwa kuwa mimi ndiye nitakayeeleza. Nikaiweka mwisho. Mjomba alikuja na shati la kupiga pasi. Alitazama mpangilio, akatazama Madoa ilipo, akaelewa. Alikaa kiti cha karibu na mlango.

Dada wa Makumbusho ni mwembamba, ana glavu nyeupe kwenye mkoba na anasema "samahani" kabla ya kugusa kitu. Bibi alimpenda mara moja.

Nikaanza. Sikuanza na vita. Nilisema, "Hii iliongoza bendi ya shule. Hii ilikaa vifungo, ukiitikisa bado kuna kimoja kimenasa. Hii ilinyweshea kuku, na mwenye kuku alimwambia Bibi haipinduki kama sahani." Dada akacheka. "Hii ilipimia nafaka, mpini aliutia mchomeleaji wa sokoni. Hii ilimwangazia kinyozi." Nilisikia sauti yangu imetulia. "Na hii…"

"Hiyo ndiyo yenyewe!" Dada wa Makumbusho alikuwa ameshanyoosha mikono. "Samahani. Jamani, hii ni bora kuliko nilivyotarajia. Hizi rangi!"

"Nilimwambia mjukuu wangu," Bibi akasema, "hata mimi nimeziona kwa macho mapya."

Nikavuta pumzi. "Dada, hizo rangi…"

"Ni zangu."

Mjomba alikuwa amesimama. Mikono ameishika nyuma kama mwanafunzi.

"Rangi hizo ni zangu, Dada. Nimezipaka mwezi uliopita. Za zamani nilizitoa kwa msasa. Mama, nilidhani nakufurahisha. Halafu nikaogopa, nikaigiza."

"Nilimpa mchoro wa kuigizia," nikasema. "Na ufunguo niliuacha mimi."

Chumba cha pili mashine ya mama ikasimama.

Bibi hakumtazama mjomba. Alinitazama mimi, akasema kwa sauti ndogo sana, "Kwa hiyo macho yangu hayajapona?"

"Yamepona, Bibi. Uliona sawasawa. Rangi ilikuwa mpya kweli, na wewe ukaona kwamba ni mpya. Tungeiweka mbele yako kabla hujafanyiwa usingeona tofauti."

Alifikiri. Kisha akainuka, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango bila kuubamiza. Heri angeubamiza.

Dada wa Makumbusho akaivua glavu ya kwanza. "Pole sana," akasema. "Lakini chumba changu ni cha vita. Niliahidi kwa ajili ya hiyo moja. Siwezi kuchukua bakuli la vifungo na chombo cha kuku nikasema ni vita."

Ndipo likanijia jibu ambalo sikuwa nalo siku ya Kidoti.

"Dada, vita viliisha, kofia hazikuisha. Walioziacha waliondoka, sisi tukaziokota. Mwenye kuku aliitazama kofia ambayo babu yake aliikimbia, akasema hii itafaa kwa maji. Mtu akishafanya hivyo hamwogopi tena aliyeivaa. Chumba chako kinaonyesha jinsi vita vilivyoanza. Nani anaonyesha jinsi watu walivyomalizana navyo?"

Nilisema haraka kidogo mwishoni, lakini nilimaliza.

Hakusema ndiyo. Aliishika ile ya kuku, akapitisha kidole chenye glavu moja iliyobaki kwenye lami. Akasema atazungumza na wakubwa wake, na kwamba nisitegemee. Mjomba alimsindikiza mpaka barabarani akiwa amemshikia mwavuli, na hakurudi ndani.

Jumapili, 4 Mei

Bibi amekula chumbani.

Jumanne, 6 Mei

Bibi ameniita asubuhi, jua likiwa limetoka. Tumekaa uani. Alikuwa na kofia tano mapajani na miguuni, anazitazama moja baada ya nyingine karibu kabisa na uso. Kwenye shaba ya tai amenionyesha mkwaruzo ambao mimi, kwa macho yangu ya miaka kumi na mitano, nilikuwa sijauona. "Haya," akasema. "Ni macho yangu kweli." Akapumua.

"Umenikasirikia, Bibi?"

"Nimewakasirikia wote. Kwako hasira itaisha mapema, maana ulibaki karibu nami. Yule mwingine atasubiri."

Alhamisi, 8 Mei

Mjomba alikuja kula. Bibi aliniambia, "Mwambie mwenzako hapo kwamba chumvi iko karibu na mkono wake." Mjomba akasema, "Mwambie Bibi yako ahsante." Mama akasema yeye si mkalimani, na wali unapoa.

Jumamosi, 10 Mei

Hakujanyesha wiki nzima. Nimechukua uzi wa Bibi uliotiwa nta na, yeye akinisimamia, tumeushika mshono wa ile yenye mwiba kwa kupita matundu yaleyale ya zamani, hatukutoboa jipya. Nilijichoma mara nyingi. Ikiwa itabaki kwetu, itabaki imeshonwa.

Jumatano, 14 Mei

Simu. Bibi aliisikiliza kwa muda mrefu akisema "eeh" na "eeh mwanangu". Alipoiweka alikaa kimya makusudi ili nife.

"Bibi!"

"Wanazitaka. Siyo kwenye chumba cha vita. Kuna kabati la vioo kwenye ukumbi, karibu na mlango, na ndani kunapulizwa hewa kavu. Anasema wakubwa wake walibishana siku mbili juu ya chombo cha kuku." Akainua kidole. "Tano. Ile ya mjomba wako hawaitaki. Na siku ya kufungua wanataka wewe ndiye uwaelezee watu."

Nilimkumbatia mpaka miwani ikapinda. Halafu nikakimbia nikamweleza mama, kisha Kidoti kwenye uzio wao. Kidoti akasema, "Kofia ya kuku? Nitakuja kuiona hiyo." Nadhani tumeelewana.

Jumamosi, 17 Mei

Gari la makumbusho limekuja. Kofia zimefungwa kwenye blanketi, kila moja kwenye boksi lake. Bibi alisimama barabarani mpaka gari likakata kona, akasema anajisikia kama aliyeozesha mabinti watano siku moja. Hakulia. Amesema daktari amemkataza, na safari hii atamsikiliza.

Rafu ilibaki na Madoa peke yake. Bibi aliishusha akanikabidhi.

"Mpelekee mjomba wako. Mwambie kofia hii haijapata kufanya kazi tangu itengenezwe, na yeye ndiye wa mwisho kuishika. Aitafutie kazi."

"Nimwambie hivyo kama ujumbe, au umemsamehe?"

"Mwambie hivyo. Yeye ni mwanangu, ataelewa."

Nilimpelekea. Alisikiliza kila neno, akaipokea kwa mikono miwili, ukingoni. Sikuwa nimemfundisha hivyo. Akaomba nirudie ile sehemu ya "aitafutie kazi". Nikairudia.

Jumapili, 18 Mei

Mjomba amekuja kula. Bibi amempa chumvi kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua zimekwisha. Barabara ya gereji imekauka mpaka inatoa vumbi. Nilikwenda na daftari la maelezo yangu ya siku ya ufunguzi, nilitaka mjomba anisikilize nikisoma.

Madoa inaning'inia chini juu kwenye ukuta wa gereji, kwa minyororo miwili, karibu na bomba la kupulizia. Imejaa vipande vya msasa vilivyopangwa kwa ukali wake, na upande mmoja wa ukingo tayari umetiwa alama za vidole vyenye rangi nyekundu, kwa sababu wiki hii ana gari jekundu. Baka moja la manjano limeanza kulika pale mkono wake unapopita.

Mteja mmoja aliitazama akauliza, "Fundi, hii ni ya zamani kweli?"

Nilingoja utani.

"Chuma ni cha zamani," mjomba akasema. "Rangi ni yangu. Chukua msasa mmoja hapo unipe, ule wa juu."

Nikasoma maelezo yangu yote, naye akanisahihisha mahali pawili nilipoharakisha. Nilipokuwa naondoka niliitazama tena. Nimezikuta nyingine zote zikiwa zimeshamaliza kazi zao, lakini hii nimeiona ikianza. Nimepanga kupita pale mara kwa mara, nimsalimie mjomba, niondoke. Siku itakapochoka, nitaiomba.